Kisa cha chensoo iliyoteremka Mlimba

Chensoo hiyo, msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, ililetwa karakana kwangu Mafinga ndani ya gunia la mkaa, mdomo wa gunia umeshonwa kwa kamba ya katani. Walioileta walikuwa wawili na hawakuwa wakisemezana. Alitangulia Mwalimu mstaafu, mwenye mashine. Nyuma yake alikuja mtoto wa dada yake, kijana anayemkatia kuni. Tulisalimiana, kamwene kwa kamwene, kisha Mwalimu akaketi juu ya kreti la soda na kusema, "Fundi, fungua uone mwenyewe. Huyu alisahau oili."

Kijana hakujibu. Alikuwa akibandua utomvu wa miembe kwenye kucha.

Kila niliyemsimulia habari hii baadaye aliniuliza swali moja: walichanganya oili na petroli ngapi kwa ngapi? Nami nilianzia hapo hapo, na swali hilo likanipotezea siku mbili.

Kwanza mashine yenyewe. Injini yake ina ujazo wa sisi (cc) 72, ukubwa wa kati, ile saizi ambayo mtu wa kuni za biashara huipenda kwa sababu haichoki kwenye gogo nene na bado mtu mmoja anaweza kuibeba kutwa. Kwa miaka 3 ilikuwa ikikata milingoti, yaani mikaratusi, ya kuni za viwanda vya chai huku Mufindi. Asiyeijua kazi hiyo aelewe kwamba chai mbichi hukaushwa kwa hewa ya moto, na moto wenyewe huku kwetu unatokana na kuni. Kiwanda hakinunui vifurushi vya kichwani, kinanunua kwa mita za ujazo, magogo yaliyokatwa vipande na kupangwa safu. Kwa hiyo mashine inapiga mzigo siku 5 hadi 6 kwa wiki, kifyatuo cha mafuta kimebanwa mpaka mwisho, tangi baada ya tangi. Tangi la mililita 700 hivi huisha kwa muda mfupi tu wa kukata mfululizo, kisha linajazwa tena na kazi inaendelea. Kwa mwendo huo ilikuwa imemaliza minyororo nisiyoihesabu na bapa mbili za kubebea mnyororo, lakini injini yake haikuwahi kufunguliwa. Mtu akiniambia chensoo hazidumu, ndiyo niliyokuwa nikimwonyesha.

Halafu ukapatikana mkataba wa miembe mikuukuu kule Mlimba, Bonde la Kilombero, kuni za tanuru la matofali ya kuchoma. Kibali kilikuwepo, mwenye tanuru alikuwa na haraka. Mwalimu aliniletea mashine niifanyie sevisi kabla ya safari. Nikabadilisha plagi, nikaosha ea klina, kile kichujio cha hewa, nikapanga kabureta, kifaa kinachoipimia injini petroli na kuichanganya na hewa. Kijana akapanda treni ya TAZARA Makambako na mashine yake. Siku ya 9 ilinoki, yaani pistoni ilikamata kwenye silinda, ikiwa ndani ya gogo.

Nianze na lile shitaka la oili. Injini ya pikipiki nyingi za leo ina oili yake chini, inayozungushwa na kurudi. Injini ya tustroki, kama hii ya chensoo, haina kitu hicho. Petroli inapita kwenye tumbo la injini, inalowesha beringi za kranki shafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapanda juu na kuungua, na oili iliyochanganywa ndani yake ndiyo mlo pekee ambao vyuma vile vinaupata. Haibaki, haizunguki, inapita mara moja na kutoka kwa ekzosi. Tia petroli tupu, na mashine inayozunguka mara 12,000 na zaidi kwa dakika haimalizi tangi moja kabla ya kukamata.

Vipimo vinajulikana. Watengenezaji wa chensoo Stihl na Husqvarna wote wanaandika 1 kwa 50 ukitumia oili yao wenyewe. Ukitumia oili nyingine nzuri ya tustroki, Husqvarna wanasema 1 kwa 33 na Stihl 1 kwa 25. Moja kwa 50 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita 5. Moja kwa 25 ni mara mbili ya hiyo. Mimi huwauzia wateja bomba la sindano la mifugo la mililita 50, bila sindano yenyewe, kwa sababu vizibo vya chupa vimetuharibia mashine nyingi. Kizibo cha fulani si sawa na kizibo cha mwenzake. Na oili lazima iwe ya tustroki ya injini zinazopoozwa kwa hewa. Oili ya gari ina dawa za madini ndani yake ambazo hazikukusudiwa kuungua, zinaacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi. Oili ya boti za injini ya nje nayo imetengenezwa kwa injini inayopoozwa kwa maji, haihimili joto la chensoo ingawa chupa imeandikwa tustroki kama nyingine. Rangi isikudanganye. Nyekundu, buluu au kijani, ni rangi tu iliyotiwa ili ujue petroli yako imechanganywa.

Basi nikaifungua. Sikuanza kwa kuvua silinda, maana hakuna haja. Ukitoa ekzosi unakutana na tundu la kutolea moshi, na ukizungusha kranki taratibu unaiona pistoni ikipita kama mtu anayechungulia dirishani. Upande wa ekzosi ulikuwa umechanika kwa mikwaruzo ya wima kutoka kichwani hadi sketi, sehemu ya chini ya pistoni, na ringi imezikwa na alumini iliyosambaa. Nikatoa kabureta na kuchungulia upande wa pili, ule wa kuingizia. Huko pistoni ilikuwa bado na ile mistari laini ya kiwandani.

Hiyo ni barua, ukiweza kuisoma. Vumbi likipita ea klina huanza kula upande wa kuingizia, na linaacha chuma chenye rangi ya kijivu kilichosuguliwa kama kwa msasa. Hapa halikupita. Petroli bila oili huchana pistoni vibaya, mara nyingi kuizunguka karibu yote, na ukishuka chini unakuta beringi kavu, zimepauka. Upande wa ekzosi peke yake ukichanika, hilo ni joto. Upande ule ndio wenye moto zaidi siku zote, na pistoni inapotanuka kuliko silinda inavyoweza kuipisha, huko ndiko inakokumbatia ukuta kwanza.

Nikatia kidole tumboni mwa injini. Kilitoka kinang'aa oili. Nikamwonyesha Mwalimu.

"Labda alikumbuka siku ya mwisho," akasema.

Mtu aliyefundisha darasa la tano kwa miaka mingi hadanganyiki kwa kidole. Nikamwomba kijana kidumu. Bahati nzuri alirudi nacho, kikiwa na kama lita moja ya mchanganyiko ule ule. Nikapima mililita 200 nikamwaga kwenye sahani pana, nikaiweka nyuma ya karakana kivulini, mbali na moto wowote. Kando yake nikaweka sahani ya pili yenye mchanganyiko wangu wa 1 kwa 50, kipimo kile kile. Petroli inaruka, oili inabaki. Kwa baridi ya Mafinga ilichukua siku mbili mpaka harufu ikaisha. Sahani yangu ilibaki na mililita 4. Ya kijana ilibaki na 9 na ushee.

Oili ilikuwemo, tena zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo kijana aliposema kwa mara ya kwanza. "Kule jua ni kali, fundi. Mashine ilikuwa inachemka hadi siwezi kuigusa. Nikasema bora izidi kuliko ipungue, nikawa natia robo lita kwenye kidumu." Robo lita kwa lita 5, yaani 1 kwa 20. Hesabu na sahani vilikubaliana.

Simlaumu. Ndivyo wanavyofanya wakataji wengi ninaowajua, na ukizidisha kidogo huoni madhara ya haraka, isipokuwa moshi, plagi chafu na masizi kwenye wavu wa ekzosi. Lakini lipo jambo moja ambalo watu hawalifikirii. Kabureta haijui oili ni nini. Tundu lake linapitisha kiasi fulani cha kimiminika, basi. Katika lita ya 1 kwa 50 kuna petroli mililita 980, katika lita ya 1 kwa 20 kuna 952. Karibu mililita 30 za petroli zimechukuliwa nafasi na oili. Ni kidogo, sikatai, na peke yake isingeua mashine. Lakini kama injini tayari ina njaa ya petroli, kila ukiongeza oili unazidi kuipunguzia chakula, nayo inazidi kuchemka, nawe unazidi kuongeza oili.

Kwa nini basi ilikuwa na njaa? Mshukiwa wa kwanza katika mashine ya miaka 3 ni hewa ya wizi: sili ya kranki (mpira wa kuzuia hewa isipite) iliyochakaa au gasketi inayovuja, ambayo inaingiza hewa bila kupitia kabureta. Nikaziba tundu la ekzosi na la kuingizia kwa vipande vya tyubu, nikaunganisha pampu ya baiskeli kupitia geji kwenye tundu la plagi, nikapuliza taratibu mpaka nusu bari, nikapaka povu la sabuni kwenye sili zote mbili na kwenye maungio. Hakuna kilichotoa mapovu. Mpira wa kati ya kabureta na silinda nao ulikuwa mzima. Kichujio cha petroli ndani ya tangi kilikuwa kipya, nilikitia mimi. Bomba la pumzi la tangi lilikuwa wazi.

Nikawa nimeishiwa. Jioni ile nilimwambia Mwalimu kwamba kijana hana kosa la oili, lakini kosa liko wapi sijui, anipe usiku mmoja. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Kijana alibaki kunisaidia kufagia. Katika maongezi ya hivi hivi akaanza kunisimulia safari yake, maana hakuwahi kupanda treni kabla. Mahandaki yalivyofuatana mpaka akaacha kuyahesabu, milima ilivyokatika, watu walivyovua makoti moja moja. "Na masikio, fundi. Yaliziba kabisa. Nikadhani nimepata homa."

Nikauacha ufagio.

Mafinga tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mlimba iko chini bondeni, hata mita 500 haifiki. Masikio ya kijana yaliziba kwa sababu hewa ilikuwa inazidi kuwa nzito kadiri treni ilivyoteremka. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta hupangwa kwa petroli kidogo, la sivyo mashine inashiba kupita kiasi na kukohoa. Ukiipeleka bondeni, hata ukihesabu kwamba joto la kule linaipunguzia hewa uzito, injini inavuta hewa zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa kila pumzi. Petroli haiongezeki kwa kiwango hicho. Njaa ndiyo hiyo.

Na aliyepanga kabureta ile ni mimi.

Naikumbuka siku yenyewe. Mwalimu alilalamika kwamba petroli imepanda, kama kuna namna mashine ipunguze kula afurahi. Nikachukua bisibisi, nikabana skrubu ya H, ile ya petroli ya mwendo wa juu, robo mzunguko hivi, mpaka sauti ikawa kali, safi, inayolia kama nyuki aliyekasirika. Mteja akatabasamu. Sauti ile huwapendeza watu, wanaiona ndiyo nguvu. Kwa Mufindi ilikuwa kwenye ukingo, labda ingefanya kazi mwaka mzima. Ilikuwa haina akiba hata tone kwa ajili ya mteremko wa zaidi ya mita 1,400. Nilijua inakwenda kazini. Wapi, sikuuliza.

Injini yenye njaa inazunguka haraka kuliko ilivyoandikiwa, moto wake unaunguza zaidi, na ile petroli mbichi ambayo hupoza kichwa cha pistoni inapopita inakuwa pungufu. Plagi niliyoitoa ilikuwa nyeupe kama jino. Niliiona tangu siku ya kwanza. Plagi ya mashine iliyopangwa vizuri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliiona nikaipita, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye kidumu.

Kulikuwa na wasaidizi wa joto pia, sitawaacha. Mapezi ya silinda, zile bati nyembamba ambazo feni inazipulizia hewa, yalikuwa yamejaa unga wa mbao uliogandishwa na utomvu wa mwembe, mapengo yamezibika upande mmoja. Na mnyororo ulikuwa butu. Mnyororo wenye makali unatoa vipande vyenye umbo, butu unatoa unga. Kijana alipoteza tupa yake ya mviringo siku ya 4, akawa anaisukuma mashine kwa mabega ili ikate. Kwa hiyo injini yenye njaa, iliyovishwa koti, ikabebeshwa mzigo mara mbili. Ilivumilia siku 9 katika hali hiyo, nami hilo naliandika kwa heshima ya walioitengeneza.

Asubuhi nilimpigia Mwalimu nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha akasema, "Basi na wewe umefeli." Nikajibu, "Nimefeli, Mwalimu." Akacheka, na nadhani ndipo alipoanza kuzungumza tena na mtoto wa dada yake, maana nilimsikia akimwita.

Matengenezo hayakuwa makubwa kama tulivyoogopa. Ukuta wa silinda hizi umepakwa tabaka gumu, na mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni alumini ya pistoni iliyoganda juu yake. Nilitumia asidi ya kusafishia vigae, nje ya karakana, glavu na miwani vimevaliwa, naipaka kwa kijiti penye alumini tu. Inachemka, inakula alumini na kuliacha tabaka gumu. Angalizo ni kwamba kama tabaka lenyewe limetoboka, asidi itakula silinda, kwa hiyo unafuta na kuangalia kila mara, na mwisho unaosha kwa maji mengi. Ukuta ulitoka mzima. Tukahitaji pistoni, ringi, pini na klipu zake. Niliikataa pistoni ya kopi iliyokuwa dukani kwa sababu ringi yake ilikuwa na mwanya mkubwa, nikaagiza nzuri zaidi. Pistoni nililipa mimi. Mwalimu alilipa mnyororo na tupa. Kazi sikutoza.

Kabureta ilikuwa na swali lake, maana huwezi kuipangia Mlimba ukiwa Mafinga. Nilichofanya ni kuifungua ile skrubu ya H kupita inavyopasa huku juu, mpaka mashine ikawa inagugumia na kutoa moshi mwepesi, mzigo mdogo usioidhuru. Kisha nikakaa na kijana nusu siku kwenye rundo la milingoti nyuma ya karakana nikimfundisha kusikiliza. Ukibana kifyatuo mpaka mwisho bila kukata, mashine iliyo salama haitoi sauti moja safi. Inakuwa na mgugumo ndani yake, kama inataka kukohoa. Ikiingia kwenye mti mgugumo unapotea na sauti inanyooka. Ukiitoa, mgugumo unarudi. Ikilia safi hata hewani, zima, fungua H kidogo kwenda kushoto, moja ya nane ya mzunguko, jaribu tena. Ikigugumia hata ndani ya gogo, bana kidogo kulia. Alishika haraka kuliko nilivyotarajia, ana sikio la mpiga kinanda wa kanisani, na kumbe ndiye.

Kuhusu mchanganyiko tulirudi kwenye 1 kwa 50 kwa oili ile ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo, maana ni ya kampuni ile ile iliyotengeneza mashine. Oili inatangulia kwenye kidumu, kisha nusu ya petroli, unatikisa, unajaza iliyobaki, unatikisa tena, na kila unapomimina tangini unatikisa kwanza. Asichanganye ndani ya tangi la mashine. Asichanganye zaidi ya atakachomaliza ndani ya mwezi. Bomba la sindano nikamfungia shingoni mwa kidumu kwa waya.

Alirudi Mlimba wiki iliyofuata kumalizia miembe. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, simu yangu ikaita, na nilipopokea sikusikia shikamoo wala jina, nilisikia chensoo. Ilikuwa inalia safi, nyembamba, bila mgugumo. Ikazimwa.

"Umesikia, fundi?"

"Nimesikia. Bado ina njaa. Kushoto kidogo."

Nikasubiri. Ikawashwa tena, na safari hii iligugumia.